Nyongo Si Uchafu

Ukichinja kuku unaujua ule mfuko mdogo wa kijani ulioshikana na maini. Ukipasuka, nyama yote inakuwa chungu. Nasi binadamu tunao, chini ya mbavu za kulia. Tumezoea kusema mtu akitapika manjano "ana nyongo", kana kwamba nyongo ni ugonjwa. Sivyo.

Nyongo hutengenezwa na ini, kama nusu lita hadi lita moja kila siku. Mfuko wake huweka kidogo tu, lakini huipunguza maji ikawa kali. Ukila chapati au chipsi, mfuko hujikamua na kuimwaga kwenye utumbo. Ndani yake mna asidi ambazo ini huzitengeneza kutoka kwa kolesteroli. Kazi yake ni kama ya sabuni kwenye sufuria ya mafuta: huyavunja yakawa matone madogo, mwili uyapokee pamoja na vitamini A, D, E na K. Na mwili si mbadhirifu! Karibu asilimia 95 ya asidi hizo hurudi kwa ini zitumike tena.

Kolesteroli ikizidi ndani ya nyongo, huweza kuganda ikawa mawe. Kina mama huyapata zaidi, hasa waliozaa mara nyingi, wanene, na hata anayejinyima chakula ili akonde haraka. Wengi hawasikii lolote. Wengine hushikwa na maumivu makali juu ya tumbo, upande wa kulia au katikati, mara nyingi baada ya chakula cha mafuta, yakipanda hadi bega la kulia.

Hapo ndipo tunapotea. Dada mmoja wa kikundi chetu alimeza dawa za vidonda vya tumbo miaka miwili kabla ya kupigwa picha ya ultrasaundi. Zamu yake ya chama ilipofika, pesa zote ziliishia kwa duka la dawa. Wengine huuziwa mafuta na maji ya ndimu, ati "yatoe mawe". Vile vidonge vya kijani vinavyoonekana chooni ni mafuta yenyewe yaliyoganda tumboni.

Ukiona homa, macho ya manjano, au maumivu yasiyoachilia kwa masaa, nenda Mama Lucy Kibaki au hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Na mfuko ukiondolewa, mtu ataishi? Ataishi. Ini litaendelea kutoa nyongo, ila itashuka polepole moja kwa moja hadi kwenye utumbo.