Kulitafuta Jiwe la Figo kwa Mwangwi

Mtu apazaye sauti mbele ya jabali husikia mwangwi. Akiujua mwendo wa sauti na muda uliopita hadi mwangwi kurudi, aweza kukokotoa umbali wa jabali lile. Kwa kanuni hiyo hiyo daktari hulitafuta jiwe dogo lililojificha ndani ya figo, pasipo kumpasua mgonjwa.

Sauti itumikayo ni ya mitetemo kama 3,000,000 kwa sekunde, isiyosikika kwa sikio la binadamu. Mwilini husafiri mita 1,540 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo urefu wa wimbi moja ni kama nusu milimita. Wimbi likigonga jiwe hutawanyika, na sehemu yake hurudi kwenye chombo kilichowekwa juu ya ngozi. Chombo hicho kina safu ya vipande vidogo vingi, na kila kimoja chaweza kutoa sauti na kuipokea.

Kwa nini vipande vingi? Tuseme kipande A kimetoa sauti na kupata mwangwi baada ya sehemu 78 za milioni za sekunde. Sauti imekwenda na kurudi milimita 120. Basi jiwe li umbali wa milimita 60. Lakini ni upande gani? Laweza kuwa popote kwenye tao lenye nusu kipenyo cha milimita 60. Kipande B, kilicho milimita 25 kutoka A, chapata mwangwi wake baada ya sehemu 84, yaani umbali wa karibu milimita 65. Mwanafunzi achukue bikari ayachore matao hayo: yatakatana ndani ya mwili mahali pamoja tu, wima chini ya A.

Yakiwapo mawe mawili, kila kipande hupata miangwi miwili, wala hakijui upi ni wa jiwe lipi. Matao manne yaweza kukatana mahali pane, na pawili ni pa uongo. Hapo vipande vingine huhitajiwa kama mashahidi: mahali pa kweli ni pale yanapokutana matao ya vipande vyote.

Hata hivyo, mawe yaliyokaribiana mno, kando kwa kando, huonekana kama moja. Mawimbi mafupi zaidi yangeyatenganisha, lakini hayo hufifia upesi mwilini.

Mwaka 1980, mjini Munich, Ujerumani, mawe ya figo ya binadamu yalianza kuvunjwa kwa mishindo itokayo nje ya mwili. Tangu hapo kosa dogo la mahali limekuwa na gharama: figo hupanda na kushuka mgonjwa apumuapo, na mshindo ulikosao jiwe hupiga nyama hai. Mathias Fink na wenzake wa Paris walibuni njia ya kurekodi miangwi na kuirudisha kinyumenyume, iliyofika mwisho ikitangulia kutoka. Mawimbi hayo hufuata njia yaliyojia, yakakutana kwenye jiwe lenyewe.

Zoezi: Kipande C ki milimita 25 upande wa pili wa A. Kitapata mwangwi baada ya muda gani? Jiwe likisogea kidogo kuelekea B, muda wa kipande kipi utapungua?