Kutoka Rapsu Hadi Addis Ababa: Ziara ya Masomo Upande wa Kaskazini

Ziara ya masomo nje ya nchi humpeleka mwanafunzi mahali ambapo historia anayoisoma ilitendeka, na mahali ambapo sanaa anayoisikia darasani huonyeshwa. Shule nyingi za Kenya zikifikiria safari ya namna hiyo hutazama Kampala, Arusha au Bagamoyo. Kwa Rapsu, kijiji cha kilimo cha umwagiliaji katika eneo la Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, iko njia yenye manufaa zaidi: barabara ya lami inayopita Isiolo, Marsabit na Moyale, kisha ikaingia Ethiopia hadi Addis Ababa.

Sababu yake ni ya kihistoria. Waborana, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya Garbatulla, waligawanywa na mpaka uliokubaliwa mwaka 1907 kati ya Uingereza na Mfalme Menelik II wa Ethiopia. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya dola mbili. Ndiyo maana mwanafunzi wa Rapsu akivuka Moyale haingii ugenini mara moja. Lugha ya nyumbani kwao anaendelea kuisikia Mega na Yabelo. Huko pia gadaa bado ni mfumo hai wa utawala: uongozi hukabidhiwa rika jingine kila baada ya miaka 8, na mkutano mkuu wa Gumi Gayo hupitia sheria za jamii nzima. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza gadaa ya Waoromo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Mwanafunzi aliyezoea kusoma kuhusu ukomo wa madaraka katika vitabu vya uraia atakutana na wazee wanaoujua bila kitabu.

Addis Ababa ni jambo jingine. Makumbusho ya Taifa yana nakala ya mifupa ya Lucy, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, iliyochimbuliwa Hadar mwaka 1974 na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.2; mifupa halisi hutunzwa ghalani. Inafaa wanafunzi wawe wamepitia kwanza Makumbusho ya Taifa Nairobi, yanakohifadhiwa mabaki ya kijana wa Turkana yaliyopatikana Nariokotome mwaka 1984, ili walinganishe. Huko Sidist Kilo, Addis Ababa, kasri la zamani la Mfalme Haile Selassie sasa ni makumbusho ya utamaduni ya chuo kikuu. Vitu vyake vimepangwa kwa kufuata maisha ya binadamu, tangu utoto hadi kifo, bila kutenganisha makabila. Ni mpangilio wa busara, na mwalimu yeyote anaweza kuuiga ukutani mwa darasa lake.

Mwaka 2024 yalifunguliwa jijini humo makumbusho ya ushindi wa Adwa, vita ambamo Menelik na Malkia Taytu waliwashinda Waitaliano tarehe 1 Machi 1896. Afrika nzima ina haki ya kujivunia siku ile. Hata hivyo, majeshi ya mfalme huyohuyo yaliitia nchi ya Waborana chini ya himaya yake miaka hiyohiyo, na kwa wengi wa kusini yeye ni mtekaji. Mwanafunzi wa Rapsu anastahili kuambiwa yote mawili kabla hajaingia mlangoni. Makumbusho husimulia kwa sauti ya aliyeyajenga, na kazi ya ziara ni kumfundisha kijana kuuliza nani ameachwa nje.

Upande wa tamthilia, Addis Ababa ina historia ndefu. Jumba la tamthilia la Hager Fikir lilianzishwa mwaka 1935, Italia ikijiandaa kuvamia, na chama cha wazalendo kilichotumia nyimbo, hotuba na maigizo kuwaamsha watu. Ukumbi wa Tamthilia wa Taifa ulifunguliwa mwaka 1955 katika sherehe za miaka 25 ya utawala wa Haile Selassie. Tsegaye Gebre-Medhin, aliyewahi kuuongoza, alizitafsiri Othello, Hamlet na Macbeth kwa Kiamhari, katika enzi ileile ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa akimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Maneno ya wimbo wa Umoja wa Afrika yametokana na shairi lake. Kabla yake, Tekle Hawariat, aliyesomeshwa Urusi tangu utotoni, alirudi na kuandika mchezo wa wanyama unaohesabiwa kuwa tamthilia ya kwanza ya kisasa ya Ethiopia. Uliikosoa serikali, ukapigwa marufuku.

Maonyesho mengi ni ya Kiamhari, kwa hiyo walimu watafute muhtasari wa mchezo mapema. Asiyeelewa maneno hujifunza kutazama: mwendo wa mwigizaji, muziki, taa, mavazi. Wanaoandaa michezo ya tamasha la drama la shule watafaidika sana hapo.

Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, ila kila mwanafunzi awe na pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano na kibali cha mzazi, na hali ya usalama barabarani iulizwe kabla ya kuondoka. Huko saa huhesabiwa kuanzia macheo, kama ya Waswahili, na kalenda yao ina miezi 13.

Kati ya makumbusho yote ya Addis Ababa, yale ya mashahidi wa Ugaidi Mwekundu, yaliyofunguliwa mwaka 2010, ndiyo yanayowahusu zaidi watoto wa Garbatulla. Yanahifadhi picha na mabaki ya waliouawa na utawala wa kijeshi wa Derg, na baadhi ya waelekezaji wake wamekuwa manusura wenyewe. Isiolo nayo ina jeraha lake, vita vya Shifta kati ya serikali ya Kenya na waasi, vya 1963 hadi 1967, ambapo familia zilifungiwa kambini, mifugo ikaangamia, na wengi wakalazimika kutafuta riziki nyingine. Kumbukumbu hiyo bado imo zaidi vinywani mwa wazee. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 vita vilipoanza sasa amepita 70. Walimu wa Rapsu wawatume wanafunzi kwake na daftari kabla ya ziara, wala wasingoje ziara ipate fedha.