Maji ya Kijani Si Uchafu

Huku Kericho na Bomet tunakuta watu wakimwaga maji ya kidimbwi cha samaki kwa sababu yamekuwa ya kijani. Ngojeni kwanza! Ule ni mwani, vimea vidogo sana. Tilapia huula, na una vitamini na rangi za asili.

Udongo wetu wa majani chai una asidi nyingi, kwa hiyo anzeni na chokaa ya shamba, kisha samadi kidogo.

Pimeni hivi: tumbukizeni mkono polepole. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, mwani umezidi na alfajiri samaki watakosa hewa. Acheni samadi, ongezeni maji safi. Kiganja kikionekana wazi hata kiwiko kikilowa, ongezeni samadi.