Kabla Kikundi Hakijalipa Karo ya Kijana



Kikundi kimoja tunachokitembelea kilichanga pesa ili kijana wao akasomee ufundi wa sola. Darasani alifanya vizuri. Alipopelekwa mazoezi ya kazi, wiki ya pili akarudi nyumbani. "Nilidhani ni kupanda paa na kufunga paneli," alituambia. "Kumbe ni kuhesabu, kusafisha betri na kubishana na wenye nyumba!" Pesa za akina mama zilikuwa zimekwisha. Hatumlaumu. Hakuna aliyemwonyesha kazi yenyewe mapema, hata sisi.

Basi kazi yenyewe ni ipi? Kufunga paneli ni sehemu ndogo. Fundi huanza kwa kuuliza: una balbu ngapi, na zinawaka kwa muda gani? Balbu 4 za wati 5, zikiwaka saa 4 kila jioni, hutumia wati-saa 80. Televisheni ya wati 30 kwa saa 3 inaongeza 90. Jumla ni 170, na hapo ndipo fundi anajua paneli na betri ziwe za kiasi gani. Akikosea, taa zitazimika mapema na yeye atatafutwa usiku huo huo! Halafu kuna kurudi kufuta vumbi kwenye paneli, kukaza nyaya, na kumweleza mzee wa boma kwa heshima kwamba pasi haiwezi kuchomekwa pale. Hili la mwisho huwashinda vijana wengi kuliko hesabu. Wako pia wasiopanda paa kabisa, kama wauzaji wa vifaa na watunza stoo.

Tena kuna leseni. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2012 ziliweka madaraja ya mafundi wa sola: T1 kwa mitambo midogo isiyozidi wati 100, kisha T2 na T3 kwa mikubwa zaidi. Cheti cha chuo peke yake si leseni. Masharti ya sasa yaulizwe EPRA, mamlaka inayosimamia kawi.

Kabla ya kulipa, mpelekeni kijana akae na fundi wa sokoni siku tatu hivi. Abebe ngazi, asikilize wateja wakilalamika, aulize fundi alikaa siku ngapi bila kazi mwezi uliopita. Mnunulieni fundi chai, kwani anapoteza wakati wake. Na mkienda chuoni, ulizeni ni nani anayemtafutia mwanafunzi nafasi ya mazoezi: chuo au mzazi?