Bunduki Langoni mwa Shule: Haraka na Hesabu



Katika mikutano ya matawi yetu ya pwani, kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, swali moja linarudi kila mara. Walimu wanaliuliza, wavuvi wanaliuliza, na kina mama wa sokoni wanaliuliza: wenye bunduki wakija shuleni, nani atawalinda watoto? Wengine huongeza la pili: kwa nini walimu na wazazi nao wasipewe bunduki?

Maswali haya si ya walimu peke yao. Mtoto wa mpagazi wa bandarini na mtoto wa mkulima wa mihogo wanakaa benchi moja. Kwa mwalimu, shule ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo kwa mtu wa kiwandani. Kwa mzazi, shule ni mahali alipoweka amana yake. Kwa hiyo chama kinapaswa kujibu, na kijibu kwa mambo yaliyotokea na yanayojulikana.

Jibu letu tunaliweka katika maneno mawili: haraka na hesabu. Haraka, maana yake ni kwamba msaada unaofika jioni haumwokoi aliyepigwa risasi asubuhi. Hesabu, maana yake ni kwamba bunduki isiyo na namba, isiyo na daftari wala mwenye kuulizwa, mwisho wake humrudia mwananchi.

Mfano wa Garissa

Tarehe 2 Aprili 2015, kabla jua halijachomoza, watu wanne wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab la Somalia waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, kaskazini-mashariki ya Kenya. Walianza na walinzi wa langoni, kisha wakaingia mabwenini. Waliwatenga wanafunzi kwa dini zao, wakawaua. Mpaka siku ile kwisha watu 148 walikuwa wamekufa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Je, hapakuwa na askari? Walikuwapo. Mji wa Garissa ulikuwa na polisi na kambi ya jeshi, na askari walifika mapema wakakizunguka chuo. Lakini hawakufaulu kuwatoa wauaji ndani ya mabweni. Kazi ile ilingoja kikosi maalumu cha polisi kiitwacho Recce, ambacho kambi yake iko karibu na Nairobi, zaidi ya kilometa 350 kutoka Garissa. Magazeti ya Kenya yaliandika kwamba kikosi kilichelewa kupata ndege, hata waandishi wa habari waliotoka Nairobi kwa gari wakafika kabla yake. Kikosi kiliingia mabwenini jioni. Kilipoingia, kilimaliza kazi chini ya nusu saa.

Tuyatazame vizuri mambo hayo mawili. Kazi ya nusu saa ilingoja karibu kutwa nzima. Watu wenye ujuzi walikuwapo, silaha zilikuwapo, na onyo kwamba vyuo vinaweza kushambuliwa lilikuwa limetolewa siku chache kabla. Kilichokosekana ni mpango: nani apigiwe simu kwanza, nani atoe amri, ndege iko wapi, na askari wa karibu wafanye nini wakati wanangoja.

Wazee wetu husema haraka haraka haina baraka. Msemo huo ni mzuri kwa kujenga nyumba na kwa kuposa. Siku ya risasi, baraka iko kwa anayewahi.

Wingi wa bunduki hautoshi

Atatokea mtu aseme: hayo ni ya nchi zetu zisizo na vyombo. Basi tuitazame nchi tajiri kuliko zote.

Marekani, mwaka 1999, vijana wawili waliwashambulia wenzao katika shule ya Columbine. Polisi walifika upesi, lakini wakakaa nje kungoja kikosi maalumu. Ndani ya shule mwalimu mmoja alivuja damu kwa saa kadhaa, akafa kabla hajafikiwa. Baada ya hapo polisi wa nchi ile walibadili mafunzo yao: askari wa kwanza kufika aingie, asingoje.

Lakini fundisho likiandikwa kwenye karatasi si lazima liingie moyoni. Tarehe 24 Mei 2022, huko Uvalde katika jimbo la Texas, mtu mmoja aliingia shule ya msingi na bunduki. Walifika askari 376 wa vyombo mbalimbali. Zilipita dakika 77 tangu wa kwanza kufika ndipo mlango ukafunguliwa na yule mtu akauawa. Watoto 19 na walimu 2 waliuawa. Wapiga bunduki walikuwa tele. Hapakuwa na mtu mmoja aliyejulikana na wote kuwa ndiye mwenye amri.

Kwa hiyo anayetuambia kwamba dawa ni kuongeza bunduki tu, tumwonyeshe Uvalde.

Hapa kwetu

Vita vya Cabo Delgado vilianza alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017. Watu wenye silaha, ambao wananchi huwaita mashababi ingawa si wale wa Somalia, walivamia vituo vitatu vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Waliwaua polisi na kuchukua silaha. Liangalieni jambo hilo, ndugu. Bunduki iliyonunuliwa kumlinda mwananchi iligeuzwa ikamwelekea yeye.

Tangu hapo shule nyingi zilichomwa au kufungwa, na walimu wakakimbia pamoja na wanafunzi wao. Mwezi Januari 2020 chuo cha kilimo cha Bilibiza, wilayani Quissanga, kilishambuliwa na kuchomwa. Mwezi Agosti mwaka ule ule mji wa Mocímboa da Praia ulitekwa, na haukukombolewa mpaka Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoingia.

Tarehe 24 Machi 2021 ikafika zamu ya Palma. Simu zilikatika. Askari wengi walikuwa wakilinda eneo la mradi wa gesi la Afungi, si mbali na mji. Mji wenyewe ulivamiwa, na maelfu ya watu wakajiokoa kwa miguu porini na kwa vyombo vya baharini. Hapo suala la haraka lina sura nyingine: msaada unaweza kuwa karibu na bado usimfikie mwananchi, kwa sababu umepewa kazi ya kulinda kitu kingine. Shule, hospitali na soko havikuwa na uzito sawa na mitambo. Sisi hatusemi mitambo isilindwe, maana wenzetu wanafanya kazi humo. Tunasema mpango wa ulinzi wa wilaya uanze na mahali penye watoto.

Suala la hesabu

Katika nchi nyingine mabishano ya bunduki ni mabishano ya duka na leseni. Uingereza, baada ya mtu mmoja kuwaua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane mwaka 1996, sheria za mwaka 1997 zilipiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia. Mwuaji yule alikuwa na bunduki zake kwa kibali cha serikali. Kwa hiyo kukaza vibali kulikuwa na maana.

Kwetu hali ni nyingine. Anayevamia kijiji hakwenda kuomba leseni. Bunduki zetu zina njia tatu: zile zilizobaki kutoka vita vya zamani, zile zinazovushwa mipakani, na zile zinazotoka katika ghala la serikali kwa kutekwa au kwa kuuzwa. Sheria ya leseni peke yake haiigusi hata moja ya njia hizo.

Nchi yetu lakini ina mafunzo yake. Vita vya miaka 16 vilipokwisha kwa mapatano ya Roma, tarehe 4 Oktoba 1992, Umoja wa Mataifa ulikusanya silaha zaidi ya 180,000. Nyingi hazikuharibiwa, na nyingine hazikupata kukusanywa. Mwaka 1995 polisi wa Msumbiji na wa Afrika Kusini walianza kazi ya pamoja, iliyoitwa Operesheni Rachel, ya kuyatafuta maficho ya silaha na kuyalipua. Mwaka huo huo Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianza mpango wa kubadilishana: lete bunduki, chukua jembe, baiskeli au cherehani. Wasanii wa Maputo walivichukua vyuma vile vilivyokatwa wakatengeneza viti na sanamu.

Mpango ule ulifanya kazi kwa sababu mbili. Aliyeleta bunduki hakuulizwa maswali ya kumfunga, na alirudi nyumbani na chombo cha kazi. Hakuna sababu ya kuusahau.

Tena nchi za kusini mwa Afrika zilitia saini huko Blantyre, mwaka 2001, mapatano ya kudhibiti silaha. Yanataka silaha za serikali ziwe na alama na ziandikwe. Hilo ndilo neno letu la hesabu. Kila bunduki inayotoka ghalani ijulikane namba yake, imetoka lini, kwa mkono wa nani, na imerudi au haikurudi.

Je, mwalimu ashike bunduki?

Wanaotaka silaha wana hoja, na tusiidharau. Wanasema: serikali iko mbali, wenyeji wanazijua njia za porini, na mtu asiye na kitu hufa bure. Ni kweli kwamba wanamgambo wa vijiji, wengi wao wapiganaji wa zamani wa ukombozi, walisimama imara mahali pengi wilaya za Mueda, Nangade na Macomia. Mwisho wa mwaka 2022 Bunge liliwatambua kisheria kwa jina la Força Local.

Tunasema hivi. Mgambo akikubaliwa, awe na amri juu yake, mafunzo, posho ya kudumu na namba ya bunduki katika daftari. Mwenye silaha asiyelipwa atajilipa mwenyewe barabarani. Na kwa mwalimu jibu letu ni hapana. Mwalimu mwenye bunduki darasani huwa shabaha ya kwanza, na bunduki yake huwa ngawira. Atalala nayo wapi? Ataiacha kwa nani akiwa mbele ya ubao? Tulishaona Mocímboa kwamba hata kituo cha polisi kilinyang'anywa silaha.

Lakini mwalimu ana haki nyingine, nayo ni haki ya mfanyakazi yeyote: kutolazimishwa kwenda mahali pa kifo. Mwezi Novemba 2014, karibu na Mandera huko Kenya, wenye silaha walisimamisha basi na kuua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Chama cha walimu, KNUT, kiliwaambia wanachama wake wasirudi sehemu zile bila usalama. Kilikuwa na haki. Hata hivyo tuseme na gharama yake: shule za kule zilibaki na walimu wachache, na mtoto wa maskini ndiye aliyelipa. Mtoto asiye na shule ndiye anayefuatwa kwanza na wenye kuandikisha vijana vitani. Kwa hiyo kudai usalama wa mwalimu na kudai shule ifunguliwe ni dai moja.

Tunachodai

1. Kila wilaya iwe na mpango ulioandikwa wa siku ya shambulio, wenye jina la ofisa mmoja mwenye amri, na askari wa karibu wafundishwe kuingia bila kungoja kikosi cha mbali.

2. Kila shule ipate njia ya kutoa taarifa isiyotegemea mnara wa simu. Redio ya upepo inatosha. Njia za kukimbilia zijulikane na zifanyiwe mazoezi.

3. Silaha zote za polisi, jeshi na mgambo ziwe na namba na zikaguliwe, na upotevu utangazwe.

4. Mpango wa kubadilishana bunduki kwa zana za kazi urudishwe, hasa nyavu, majembe na cherehani.

5. Mwalimu aliyekimbia kwa ajili ya vita asikatwe mshahara, wala asirudishwe kabla usalama haujakaguliwa pamoja na wawakilishi wa chama.

Tunaomba kila tawi liyasome haya kwa sauti mkutanoni, kisha lijibu maswali matatu kwa maandishi: shule yenu iko umbali gani kutoka kituo cha polisi kilicho karibu? Nani mwenye amri wilayani siku ya hatari? Na mara ya mwisho mazoezi yalifanywa lini? Tawi likikosa jibu la swali lolote, liende kwa mkuu wa wilaya na wajumbe wake, likaulize.

Umoja ni nguvu. Mapambano yanaendelea.