Tikiti Yako ni Mkataba: Haki za Abiria wa Mabasi ya Masafa Marefu

Msimu wa Desemba ukifika, stendi za Malindi, Kilifi na Mtwapa hujaa wasafiri wa kwenda na kutoka bara. Malalamiko nayo huwa yale yale: nauli iliyopanda ghafla, basi lililoharibika njiani, begi lililopotea kwenye buti. Abiria wengi hunyamaza wakidhani hakuna sheria inayowalinda. Ipo.

Anza na tikiti. Kampuni ikishapokea nauli yako, imeahidi kukufikisha mahali palipoandikwa, siku na saa iliyotajwa, kwa bei hiyo hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa maelezo, na haki ya fidia ukipata hasara au jeraha kwa sababu ya kasoro ya huduma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inasema haki ilizotoa haziondolewi na makubaliano yoyote. Kwa hiyo yale maandishi madogo kwamba mzigo ni kwa hatari ya mwenyewe hayatoshi peke yake kuiondolea kampuni lawama. Hata hivyo, ni lazima uweze kuonyesha kwamba begi lilipokelewa. Dai stakabadhi ya mzigo kabla buti halijafungwa. Pesa, simu na vyeti kaa navyo.

Basi likikwama Voi saa nane usiku, kampuni iliyochukua nauli ya Nairobi haijamaliza kazi. Ikutafutie gari lingine bila kukuongezea malipo, au ikurudishie pesa za safari iliyobaki. Ukilazimika kulipa nauli nyingine, weka risiti uidai baadaye. Kampuni ikikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Huhitaji wakili, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60.

Kuhusu bei yenyewe, tuseme wazi: serikali ya kaunti haipangi nauli za masafa marefu. Kampuni hupanga zenyewe, na ndiyo sababu tiketi ya mapema huwa nafuu kuliko ile ya kugombania mkesha wa Krismasi. Lipa ofisini au kwa namba ya M-Pesa ya kampuni, si kwa simu ya mpiga debe. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Tikiti ikipotea, huo ndio ushahidi wako.

Usalama una hesabu ambayo kila abiria anaweza kuipiga. Malindi hadi Nairobi kupitia Mombasa ni takriban kilomita 600. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kilomita 600 kwa mwendo huo wa juu kabisa ni saa saba na nusu, bila kusimama hata mara moja, bila msongamano wa Mtwapa wala malori ya Mariakani. Safari halisi inapita saa 8. Kwa hiyo unapokata tikiti uliza: dereva wa pili yupo? Na basi lina leseni ya kusafiri usiku? Karani akikuona msumbufu, mwache akuone hivyo. Basi likifika Nairobi mapema kupita kiasi, kuna sheria iliyovunjwa njiani.

Mkanda ni wajibu wako, na usipoufunga faini ni shilingi 500. Ukikuta umekatika, omba kiti kingine kabla basi halijaondoka.

Ajali ikitokea, sheria inalazimisha kila gari la abiria liwe na bima. Fidia ya bima hiyo kwa aliyeumia, au kwa familia ya aliyefariki, ni hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kusanya ripoti ya polisi, fomu ya P3, karatasi za hospitali na tikiti. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3. Jihadhari na mawakala wanaofika wodini na karatasi za kutia sahihi. Usitie sahihi usichokisoma.

Stendi ni jukumu la kaunti. Kero za taa, vyoo, usafi au wapiga debe wanaonyang'anyana mizigo yako zilete katika ofisi ya kaunti iliyo karibu nawe. Leseni za mabasi na madereva ziko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA. Dereva anayekimbiza gari au kubeba kupita kiasi aripotiwe huko, au kwa polisi wa trafiki mkiwa bado njiani. Taja namba ya gari, mahali na saa. Namba hiyo ipige picha kabla hujapanda.