Makumbusho ya Kitale na Majina ya Wanyama

Kando ya barabara ya Eldoret, mjini Kitale, lipo jumba la makumbusho ambalo asili yake ni mapenzi ya mtu mmoja kwa wadudu. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kiingereza, alikuwa akikusanya vipepeo, ndege na vitabu, na mwaka wa 1926 akaanzisha makumbusho yake ya kibinafsi. Alipofariki mwaka wa 1966, wasia wake uliikabidhi nchi mkusanyiko huo pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba likafunguliwa Desemba 1974, la kwanza kati ya makumbusho ya bara kuendelezwa nchini. Baadaye walitiwa humo nyoka, kobe na mamba walio hai, na hao ndio wanaowavuta watoto wa shule.

Basi mali ni ya taifa. Lakini taifa lilirithi wanyama na vikaratasi vyao: jina la Kilatini, mahali, tarehe na aliyekamata. Jina ambalo mwenyeji alimwita mnyama huyo halina nafasi katika utaratibu huo.

Tazama kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, ambacho mwaka uo huo wa 1974 kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ndogo mno, kama kilomita tatu za mraba, na iliwekwa kwa ajili ya nzohe, ambaye wageni humwita sitatunga. Kwato zake ndefu humwezesha kukanyaga matope bila kuzama, na akitishwa hujitosa majini akabakiza pua. Wataalamu walimpa jina la Speke, msafiri Mwingereza. Humo pia yumo kima mwenye ndevu nyeupe. Wazungu humtaja kwa jina la mpelelezi de Brazza, na kwa Kilatini ni neglectus, yaani aliyepuuzwa. Waswahili walizitazama ndevu zile wakamwita kalasinga, kama wawaitavyo Masingasinga. Sisemi kwamba utani huo una adabu nyingi. Nasema tu kwamba aliyeutunga alikuwa amemtazama mnyama mwenyewe.

Yapo pia mafunzo ambayo Kilatini hakiwezi kuyatoa. Ndovu ni enjofu kwa Mbukusu wa Bungoma, enjovu kwa Mganda, njogu kwa Mkikuyu. Mwanafunzi aliyetoka Bungoma kupitia Webuye, akiyakuta maneno hayo kwenye kibao kimoja, atauona undugu wa lugha za Kibantu kabla mwalimu hajafungua kitabu. Jina la Kisabaoti likiwekwa kando yake, atatambua kwamba jirani yake wa Mlima Elgon ni wa ukoo mwingine wa lugha. Na jirani huyo ana ya kusimulia kuhusu ndovu, kwa kuwa Wasabaoti waliishi na mifugo yao katika mapango ya mlima huo, na katika pango la Kitum ndovu huingia gizani kuchimbua chumvi kwa pembe zao.

Nitaambiwa kwamba sayansi inahitaji jina moja, kwa sababu majina ya wenyeji hubadilika kutoka kilima hadi kilima. Ni kweli, na mtafiti wa Tokyo asinyang'anywe Kilatini chake. Hata hivyo kuongeza mstari wa pili na wa tatu chini ya ule wa kwanza hakumpunguzii kitu. Vipepeo wa Stoneham wamekaa katika droo zao miongo mingi, na watakaa mingine wakitunzwa. Wazee wanaoyajua majina hawatunziki hivyo.

Ningeanza na kumbikumbi. Kwa kipepeo lugha zetu nyingi zimetosheka na jina moja, lakini Mbukusu anayewala chiswa hukueleza ni wepi wanaoruka mchana na wepi usiku, na mvua ipi huwatoa. Makumbusho ya Taifa yanaweza kumtuma karani mmoja Bungoma na mwingine Kapsokwony, kila mmoja na daftari lake, msimu ujao wa mvua.